Sheria ya Moshi ya California na Gari Litokalo Jimbo Jingine

Tarehe 12 Juni 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini maazimio matatu ya Bunge la nchi hiyo, yenye kufuta vibali vilivyoliruhusu jimbo la California kujiwekea masharti makali zaidi juu ya moshi wa magari mapya. Miongoni mwa masharti hayo lilikuwamo lile lililotaka kwamba, ifikapo mwaka 2035, magari mapya ya abiria yanayouzwa jimboni humo yasiwe ya kutegemea petroli pekee. Siku iyo hiyo California na majimbo mengine kadhaa yalikwenda mahakamani kupinga hatua hiyo.

Wako waliozipokea habari hizo kana kwamba ugomvi umezuka ghafula baina ya vyama viwili vya siasa. Kwa hakika ugomvi huu una umri wa zaidi ya nusu karne. Aidha, mahali unapomgusa mwananchi wa kawaida si katika kumbi za Bunge, bali ni mbele ya dirisha la ofisi ya kuandikishia magari. Hapo ndipo mtu aliyenunua gari jipya katika jimbo la jirani, akalilipia fedha halali na kupewa stakabadhi halali, anapoweza kuambiwa kwamba gari lake halitapewa namba za California. Yafaa basi kueleza jambo hili lilianzaje, linaendeshwaje, na lina somo gani kwa nchi nyingine.

Mji wa Los Angeles umekaa kama ndani ya bakuli. Upande mmoja ni Bahari ya Pasifiki, na pande nyingine ni milima. Mara kwa mara hewa yenye joto hutanda juu ya hewa baridi itokayo baharini, ikawa mfano wa kifuniko juu ya chungu, na moshi ulioko chini ukakosa pa kutokea. Mwezi Julai mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ukungu mzito wenye kuwasha macho na koo uliufunika mji huo, hata baadhi ya watu wakadhani kwamba adui ameshambulia kwa gesi. Lawama zilitupiwa kiwanda kimoja kilichotengeneza malighafi ya mpira. Kiwanda kilisimamishwa kwa muda, lakini ukungu haukuondoka.

Fumbo hilo lilifumbuliwa na Arie Haagen-Smit, mwanasayansi mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha katika Chuo cha Teknolojia cha California, na ambaye awali alikuwa akichunguza kinacholipa nanasi ladha yake. Mapema katika miaka ya 1950 alionyesha kwamba mvuke wa petroli usioungua sawasawa, ukichanganyika na gesi za nitrojeni na kupigwa na jua, huzaa gesi iitwayo ozoni. Gesi hiyo, ikiwa chini karibu na ardhi, hudhuru mapafu, huunguza majani ya mimea na kupasua mpira. Kwa hiyo jua ambalo wenyeji wa Los Angeles walijivunia ndilo lililokuwa likiugeuza moshi wa magari yao kuwa sumu.

Kutokana na ujuzi huo California ikatangulia wengine. Mwaka 1966 ilikuwa ya kwanza nchini Marekani kuweka kipimo cha moshi utokao katika bomba la gari. Mwaka uliofuata Gavana Ronald Reagan, ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi, alitia saini sheria iliyounda Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka huo huo wa 1967, Bunge la Washington lilipokataza kila jimbo kujitungia vipimo vyake, liliipa California ruhusa ya pekee, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuanza kazi na kwa kuwa hewa yake ilikuwa imechafuka mno. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970 iliidumisha ruhusa hiyo. Mwaka 1977 kikaongezwa kifungu kinachoyaruhusu majimbo mengine kufuata vipimo vya California yakipenda, lakini si kubuni vya kwao.

Tangu hapo Marekani ikawa na vipimo viwili vya moshi: cha taifa, na cha California. Wauza magari wakazoea kusema gari hili ni la majimbo 49, na hili ni la majimbo 50. Hapo ndipo lilipozaliwa tatizo la mpakani. Kipimo kikali kina gharama, na gharama hiyo hulipwa na mnunuzi. Iwapo gari lisilotimiza kipimo hicho laweza kununuliwa Arizona asubuhi na kuingizwa California jioni, basi sheria ya California ingebaki maandishi matupu, na muuzaji mwaminifu wa Los Angeles angefunga duka.

Ili kuuziba mwanya huo, sheria ilisema kwamba mkazi wa California haruhusiwi kujipatia gari jipya kwa matumizi ya jimboni humo kama gari hilo halikuthibitishwa kwa kipimo cha California. Lakini gari jipya ni lipi? Sheria haikutazama mwaka wa kutengenezwa, wala jina la mwenye gari wa kwanza. Ilitazama mwendo. Gari ambalo lilikuwa limetembea chini ya maili 7,500, yaani kama kilomita 12,070, siku mkazi huyo alipolipata, huhesabiwa kuwa ni jipya, hata kama limekwisha kumilikiwa na watu wawili. Wala haifai mtu kudhani kwamba atalinunua likiwa na maili 3,000, aliendeshe huko na huko hadi zitimie 7,500, ndipo alilete ofisini. Kinachohesabiwa ni maili za siku ya kulinunua.

Ushahidi wenyewe uko chini ya boneti. Hapo kiwanda hubandika karatasi inayoeleza kipimo ambacho injini hiyo ilitengenezwa kukitimiza. Karatasi ikitaja California au majimbo 50, hakuna neno. Ikitaja kipimo cha taifa pekee, na maili hazikutimia, mlango umefungwa. Mnunuzi mwenye busara basi hufungua boneti kabla ya kufungua mkoba.

Hata hivyo sheria haikukosa utu. Mtu aliyekuwa akiishi jimbo jingine, akaliandikisha gari lake huko kabla ya kuhamia California, haguswi na sharti la maili. Askari aliyetumwa kufanya kazi nje ya California, akaliandikisha gari mahali alipokuwa akitumikia, naye husamehewa. Vivyo hivyo aliyerithi gari, na aliyegawiwa gari katika talaka. Tena mtu aliyekuwa safarini na gari lake la California, likaibwa au likaharibika kabisa huko aliko, aweza kununua jingine la kumrudisha nyumbani. Misamaha hii yote ina shina moja: sheria inamwinda mtu aliyevuka mpaka kwa makusudi ya kukwepa kipimo, si yule aliyeletwa mpakani na maisha yenyewe.

Gari lililopita maili 7,500 ni habari nyingine. Hilo laweza kuandikishwa hata kama lilitengenezwa kwa kipimo cha taifa, ila lazima lifaulu mtihani wa moshi. Mgeni anayehamia California hupewa siku 20 tangu alipofanya makazi yake huko. Gari hukaguliwa ili kuhakikisha kwamba namba zake ndizo zilizo katika hati, kisha hupelekwa katika kituo chenye leseni ya kupima moshi, utaratibu ulioanza mwaka 1984. Magari ya petroli ya mwaka 1975 na ya kabla yake husamehewa. Yale ya kuanzia mwaka 1976 hadi 1999 huchunguzwa moshi utokao katika bomba lake, na katika sehemu zenye hewa chafu zaidi hupimwa magurudumu yakizunguka juu ya mapipa ya chuma. Ya mwaka 2000 na kuendelea huulizwa kwa waya: mtambo wa kituo huunganishwa na kompyuta iliyomo ndani ya gari, nayo hutoa siri zote za injini.

Fundi hutazama pia kama kuna kifaa kilichong'olewa. Gari halidaiwi kifaa ambacho kiwanda hakikuliwekea, bali linadaiwa kuwa na kila kifaa ambacho kiwanda kililiwekea. Kifaa kinachotafutwa kuliko vyote ni kile ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega, kwa kuwa ndani yake kuna vijitundu kama vya sega la nyuki. Vijitundu hivyo vimepakwa madini ya thamani, kama platinamu, yanayozigeuza gesi zenye sumu kuwa gesi zisizo na madhara makubwa kabla ya kutoka nje. Masega yalianza kuenea katika magari mapya ya Marekani mwaka 1975, na ndiyo yaliyolazimisha kuwapo kwa petroli isiyo na madini ya risasi, kwa sababu risasi huyaua.

Katika mtihani huu ndimo haki inamopimwa pamoja na moshi. Anayehamia California na gari la bei kubwa hana wasiwasi, maana gari lake bado changa. Anayeumia ni kibarua aliyekuja kutafuta kazi na gari kuukuu ambalo ndilo mali yake yote. Masega mapya yaweza kumgharimu kupita thamani ya gari lenyewe, na bila gari hafiki kazini. Jimbo lina mpango wa kuwasaidia wenye kipato kidogo kutengeneza magari yaliyoshindwa mtihani, lakini mpango huo ni kwa magari yaliyokwisha kuandikishwa jimboni, wala haulihusu gari linaloandikishwa humo kwa mara ya kwanza. Hewa safi ni haki ya wote. Gharama yake isimwangukie mnyonge peke yake.

California yenyewe iliwahi kuvuka mpaka wa haki. Mwaka 1990 ilianza kutoza dola 300 kwa magari yaliyoletwa kutoka nje ambayo hayakuthibitishwa kwa kipimo chake, ikisema kwamba ada hiyo ni fidia ya uchafu watakaouleta. Mtu alitozwa hata kama gari lake lilifaulu mtihani wa moshi. Fedha zililipwa, na hewa haikusafishwa na malipo hayo. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ya jimbo iliamua kwamba ada hiyo ilivunja Katiba ya Marekani, kwa kuwa iliyabagua magari kwa sababu ya mahali yalikotoka. Mwaka 2000 serikali ya California ikakubali kuwarudishia wananchi fedha zao pamoja na riba, na hesabu yake ikapita dola milioni 600.

Hukumu hiyo yastahili kukumbukwa. Kipimo cha moshi kilibaki, sharti la maili lilibaki, lakini ada ilianguka. Serikali ina haki ya kuuliza gari linatoa moshi gani, lakini ikiuliza tu linatoka wapi, na kisha ikanyoosha mkono wa kupokea fedha, imeliacha lengo lake. Nayo matunda ya kupima moshi yanaonekana. Los Angeles bado ina shida ya ozoni, lakini hewa yake si ile ya miaka ya 1950, ingawa magari yameongezeka sana tangu wakati huo.

Nchi za Afrika Mashariki zina mipaka na magari ya namna yake. Hapa gari la mgeni haliji kutoka Arizona. Huja kwa meli, hasa kutoka Japani, likiwa limekwisha kutumika. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yapatayo milioni 14 yaliyokwisha kutumika yalitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi nyingine. Kenya hukataa gari lililopita umri wa miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliweka miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, bali hutoza ushuru zaidi kwa gari kuukuu. Majirani watatu wana milango mitatu, na upepo uvukao Namanga na Mutukula ni mmoja.

Mambo makubwa yamekwisha kufanyika. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zilizo kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, na mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye kiberiti kidogo. Kwa hiyo mafuta yapo yanayoyafaa masega. Lakini umri wa gari huhesabiwa mara moja, bandarini. Moshi wake hutoka kila siku, barabarani. Gari la miaka 7 ambalo masega yake yameng'olewa na kuuzwa laweza kuchafua hewa kupita la miaka 14 lililotunzwa, nalo lina kibali na bamba la namba.

Hapana budi basi Serikali za Afrika Mashariki zikubaliane juu ya kipimo kimoja cha moshi, ziweke vituo vya kukipima, na ziwafikirie wenye magari makuukuu ambayo ndiyo riziki yao. Bila ya hivyo, atakayekaza peke yake atawaona raia wake wakilivusha gari kutoka kwa jirani aliyelegeza.