Kitabu cha Picha Si Pambo

Wapo watoto ambao maneno ya mwalimu huwapita kama upepo. Watoto hao wenye ulemavu wa akili waweza kujifunza, ila wahitaji muda zaidi na njia iliyo tofauti. Jijini Dar es Salaam wana shule kama Mtoni Maalum, huko Temeke, na Sinza Maalum, katika eneo lililokuwa la Kinondoni kabla ya kuundwa Manispaa ya Ubungo. Wengine wamo katika vitengo vya shule za kawaida. Unguja na Pemba nako wapo.

Kwa mtoto wa namna hiyo, kitabu cha picha si pambo wala mchezo. Neno likishasemwa hupotea, lakini picha hubaki ikamngoja. Mwalimu hodari humpa kwanza nazi aishike, kisha humwonyesha picha ya nazi, na mwisho neno lililoandikwa chini yake. Picha nne zilizopangwa kwa mfuatano zaweza kumfundisha kunawa mikono au kuvuka barabara, mambo yatakayomsaidia kujitegemea.

Hata hivyo, si kila picha yafaa. Ukurasa mmoja na ubebe jambo moja, tena analolijua mtoto. Mtoto wa Mbagala aijua daladala. Wa Pemba aijua ngalawa na karafuu. Kumwonyesha theluji ni kumwongezea mzigo.

Tanzania Bara ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Zanzibar nayo ina yake. Haki ya elimu haitimii kwa dawati peke yake. Mtoto anayekaa miaka saba mbele ya kitabu kisichomsemesha amenyimwa elimu, ingawa jina lake limo katika daftari la mahudhurio.

Kazi hii si ngeni kwetu. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, uliwatia moyo waandishi, wachoraji na wachapaji wa vitabu vya Kiswahili. Moyo huohuo sasa uwafikie watoto hawa.

Kwa hiyo twawaomba wahusika, Bara na Visiwani, watenge fungu la vitabu vya picha katika bajeti za elimu. Walimu wa elimu maalum, kama wale wanaofunzwa Patandi, wapewe karatasi, rangi na nafasi ya kuvitengeneza wenyewe. Wazazi nao wavifungue nyumbani kila jioni. Haba na haba hujaza kibaba.