Je, Wajua? Wagonjwa Walioandika na Kuchora Njia ya Tabora

Je, wajua kwamba maneno yaliyochongwa juu ya kaburi la msafiri David Livingstone, ndani ya Westminster Abbey jijini London, yaliandikwa Kwihara, kilomita chache tu kutoka Tabora mjini? Yalikuwa ndani ya barua yake kwa gazeti la New York Herald, ya kulaani biashara ya watumwa, na aliimaliza tarehe 1 Mei 1872. Siku inayotajwa na wengi kuwa ya kifo chake ni 1 Mei 1873. Mwaka mmoja kamili. Aliyeandika alikuwa mtu wa homa za kurudi-rudi, kuhara damu na bawasiri iliyomvujisha damu kwa miaka mingi.

Je, wajua alikuwa anangoja nini Kwihara? Wapagazi. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliondoka 14 Machi 1872 kwenda pwani, na watu 57 aliowatuma wakafika 14 Agosti. Miezi mitano! Katika tembe lile, ambalo leo ni makumbusho, mgonjwa huyu aliandika barua, akapiga hesabu za nyota, na akagandisha jibini za kubeba njiani. Tarehe 25 Agosti akashika njia, na hakurudi tena akiwa hai.

Je, wajua kuna kitabu kikubwa kinachoitwa na wataalamu Shajara ya Unyanyembe? Ni kile ambacho Stanley alikibeba kikiwa kimetiwa lakiri. Kina kumbukumbu za Livingstone tangu 1866 hadi Machi 1872, na jina lake limetokana na Unyanyembe, nchi yenye Kwihara na Tabora, alikokikabidhi. Tazama jinsi kilivyotengenezwa. Mfukoni alikuwa na vijitabu vidogo vya kuandikia papo hapo, akiwa safarini au amelala. Akipata nafuu na kivuli, ananakili kwenye kitabu kikubwa, anapanua na kusahihisha. Kwangu mimi huo ni utaratibu wa mtu anayeujua mwili wake. Siku ya homa, mistari miwili inatosha. Siku ya nafuu, kazi inakamilishwa.

Na karatasi zikiisha? Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mwaka 1870 alikwama Kabambare, nchi ya Umanyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, miguu imeliwa na madonda ndugu hata hawezi kukanyaga chini. Sanduku lake la dawa lilikuwa limepotea tangu Januari 1867, pale mpagazi mmoja alipotoroka nalo. Karatasi zikaisha, wino ukaisha. Basi mwaka 1871 alichukua gazeti kuukuu la London, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, akaligeuza ubavu na kuandika kwa kukatiza juu ya maandishi yaliyokwisha kuchapwa. Wino ulikuwa rangi nyekundu ya matunda ya mti ambao yeye aliuita zingifure. Ni juu ya gazeti hilo alipoandika habari za mauaji ya sokoni Nyangwe, 15 Julai 1871, ambapo wafanyabiashara wa watumwa waliwamiminia risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Aliona kwa macho yake, akaandika.

Je, wajua wino ule ulififia hadi haukusomeka kwa zaidi ya miaka mia moja? Wataalamu walioongozwa na Adrian Wisnicki walizipiga kurasa picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, hata maandishi ya mkono yakajitenga na yale ya gazeti. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Ndipo ikaonekana wazi kwamba kitabu cha shajara zake kilichochapishwa mwaka 1874 hakikulingana kila mahali na alichokiandika mgonjwa yule pale pale.

Sasa tuje kwa mchoraji. Je, wajua kwamba James Augustus Grant, aliyesafiri na John Hanning Speke tangu 1860, alianza safari akiwa na kamera? Kutengeneza picha wakati ule kulitaka ujifungie ndani ya kihema chenye giza pamoja na madawa na vioo. Speke aliona joto la mle ndani litamuua mwenzake. Kamera ikawekwa kando, Grant akashika penseli na rangi za maji. Kwa hiyo tunachokiona leo cha watu na mimea ya njia ile kimetoka kwenye mkono wake.

Walifika Kazeh, ndiyo Tabora yenyewe, Januari 1861. Novemba wakawa Karagwe kwa mfalme Rumanika, na hapo mguu wa Grant ukavimba na kufunguka kidonda. Speke akamwacha, akaenda Buganda mwezi Januari 1862. Grant alibaki ndani ya kibanda hadi Aprili, hawezi kusimama. Alibandikwa dawa za kienyeji, mojawapo ni mchanganyiko wa moto wa mavi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani. Msafiri anayekimbilia mbele huona mengi kwa haraka, lakini aliyelazwa mlangoni huletewa ulimwengu kidogo kidogo: jirani aliyekuja kumjulia hali, mmea uliochumwa asubuhi, chombo cha nyumbani. Michoro yake mingi imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, na mimea aliyoikusanya iliandikwa katika vitabu vya wanasayansi wa London miaka ya 1870. Alipoondoka Karagwe aliondoka kwa machela, mabegani mwa watu ambao majina yao hayamo vitabuni.

Je, wajua kwamba Richard Burton naye alipita Tabora akiwa mtu wa kubebwa? Mapema mwaka 1858 miguu yake ilikufa ganzi njiani kuelekea Ujiji, na muda mrefu baada ya hapo hakuweza kutembea vizuri. Speke aliyekuwa naye aliugua macho kiasi kwamba walipofika Ziwa Tanganyika, Februari 1858, aliona ukungu tu. Burton aliporudi Kazeh mwezi Juni, Speke akaenda kaskazini hadi Ziwa Victoria, yeye akabaki na mwenyeji wake, Mwarabu aliyeitwa Snay bin Amir. Wakakaa wawili hao kukusanya maneno ya Kiswahili, Kinyamwezi na Kizaramo. Kitabu cha Burton cha juzuu mbili kilitoka mwaka 1860, na sehemu nzuri zaidi ndani yake, kwa maoni yangu, ni zile alizozipata akiwa amekaa anasikiliza.

Oktoba 1858 Speke alishikwa na maumivu kama ya vyuma vya moto kifuani. Burton aliandika jina la ugonjwa kama alivyolisikia kwa wenyeji: kichyoma-chyoma. Anayejua kichomi hahitaji kutafsiriwa.

Je, wajua kwamba msafiri mwingine, Verney Lovett Cameron, alipokaa Unyanyembe mwaka 1873 aliugua homa na macho hata hakuona kwa wiki kadhaa? Kitabu chake kilitoka 1877.

Usidhani habari hizi ni za wageni wa karne ya 19 peke yao. Shuka na Mto Lualaba kutoka Nyangwe, utafika Kindu. Hapo ndipo alipozaliwa mwanamuziki Remmy Ongala, mwaka 1947. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia Orchestra Makassy, kisha akaongoza Matimila, na nchi nzima ikamjua kwa nyimbo za kumtetea mnyonge. Kisukari kilimwandama, na kiharusi kikampiga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakunyamaza. Alibadilisha muziki, akaacha dansi akaingia kwenye injili, akaendelea kutunga kwa sauti na nguvu zilizobaki. Alifariki 13 Desemba 2010. Konda wa daladala bado anaita: Sinza kwa Remmy!

Je, wajua kwamba neno letu kitanda limo katika kurasa za mwisho za Livingstone? Aprili 1873 hakuweza tena kupanda punda. Watu wake walimtengenezea kitanda cha kubebea, naye akaliandika neno hilo kwa Kiswahili, katikati ya Kiingereza chake. Siku zilizofuata daftari lina tarehe na muda wa mwendo tu. Tarehe 27 akaandika mistari michache ya mwisho. Mtu aliyewahi kujaza kitabu kizima sasa anaandika mstari mmoja kwa siku, lakini anaandika.

Na baada yake? Watumishi wake Abdullah Susi na James Chuma walikusanya vijitabu, ramani na vyombo vyake. Jacob Wainwright, kijana aliyejua kusoma na kuandika, akaandika orodha ya kila kitu kilichokuwa kwenye masanduku. Msafara ulipita Unyanyembe na mwili wa Livingstone mwezi Oktoba 1873, ukamkuta Cameron, aliyewashauri wamzike huko. Walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. Wainwright aliandika shajara yake mwenyewe ya safari hiyo, nayo imehifadhiwa Scotland hadi leo. Alifariki mwaka 1892 huko Urambo, magharibi ya Tabora, pembezoni mwa njia ileile.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna daftari la mashairi la bibi aliyelala kitandani miaka mingi, au michoro ya mjomba aliyekuwa akichora kati ya homa moja na nyingine, litoe uvunguni leo. Andika jina la mwenyewe na mwaka kwenye ukurasa wa kwanza, kisha liweke ndani ya sanduku la bati, mahali pakavu, mbali na mchwa.