Majogoo wengi, kuku jike anaumia: fundisho kutoka kwa nzi

Munajua wale nzi wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi mbivu na madumu ya kasiksi? Hao wametufundisha jambo juu ya mifugo yetu.

Madume wakiwa wengi pahali pamoja, wanapigana na kumfukuza jike saa yote. Jike anakosa kula, anachoka, anazeeka mbio. Kwa wale nzi, hata maji yanayotoka pamoja na mbegu ya dume yanamfupishia jike maisha.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba udugu unapunguza vita hivyo. Waliweka majike pamoja na madume watatu watatu. Pale madume wote walipokuwa ndugu wa tumbo moja, walipigana kidogo, na majike waliendelea kuzaa muda mrefu. Sababu yake? Mtoto wa ndugu yako naye anabeba damu yako, basi hasara siyo kubwa akizaa yeye. Lakini dume mgeni akiingia kati ya ndugu wawili, yeye alipata watoto karibu mara mbili kuliko kila mmoja wao. Amani ya ndugu ililiwa na mgeni.

Sasa angalisho! Mtu asiseme: "Basi nitaacha majogoo ndugu pamoja na dada zao." Hapana. Udugu ulioleta amani ulikuwa kati ya madume tu. Jogoo akipanda dada yake ao binti yake, mayai mengi hayaanguliwi na vifaranga wanatoka zaifu.

Tufanye hivi:
- Jogoo mmoja kwa kuku majike 8 mpaka 10 anatosha. Wengine, uza ao kula.
- Ukiona manyoya ya mgongo wa kuku jike yametoka, ao ana vidonda, majogoo ni wengi.
- Badilisha jogoo na mwenzako wa kijiji kingine, mbele binti zake hawajaanza kutaga.
- Jogoo mgeni akae peke yake juma mbili kwanza, asilete ugonjwa.

Katika mkutano wenu unaokuja, kila mmoja aseme iko na majogoo wangapi na walitoka wapi. Hapo ndipo kubadilishana kutaanza.