Rubani, Kituo Chake na Namba ya Utangulizi

Askari anaijua habari ya uhamisho. Barua hutoka makao makuu, jina lake limo, na siku iliyotajwa hana budi kufunga sanduku lake na kuripoti huko alikopelekwa, kuwe mjini au mpakani. Haulizwi kama apenda. Kwa sababu hiyo yafaa tuwaeleze wasomaji wetu walio katika majeshi na polisi habari za watu wengine wavaao sare, ambao hawahamishwi kwa hiari ya mkubwa yeyote, bali hujichagulia wenyewe kituo cha kufanyia kazi na aina ya ndege ya kurusha. Watu hao ni marubani wa mashirika makubwa ya ndege ya Marekani. Lakini uchaguzi wao si huru kama unavyosikika, kwa maana kila mmoja huchagua zamu yake ifikapo, na zamu hiyo hupangwa kwa kitu kimoja tu, nacho ni tarehe aliyoajiriwa.

Rubani aajiriwapo huandikwa mwisho wa orodha moja ya marubani wote wa shirika. Mashirika kama Delta, United na American yana marubani zaidi ya 10,000 kila moja, basi mgeni ana watu wengi sana mbele yake. Walioanza siku moja hupangwa kwa njia isiyompendelea mtu: mashirika mengine hutazama umri, mkubwa akamtangulia mdogo, mengine hupiga kura. Tangu hapo namba yake haisogei kwa ushujaa, wala kwa elimu, wala kwa kupendwa na wakubwa. Husogea pale tu walio mbele yake wanapostaafu, wanapofariki au wanapoacha kazi.

Hapa wasomaji wetu watashangaa kidogo. Marubani wengi wa mashirika hayo wametoka jeshini. Kanali aliyerusha ndege za kivita kwa miaka 20, na kuongoza kikosi kizima, akiingia katika shirika siku ya Jumanne atakuwa nyuma ya kijana wa miaka 25 aliyeingia Jumatatu. Nishani zake zote hazitamsogeza hata hatua moja. Na kwa kuwa umri wa kustaafu ni mmoja kwa wote, kanali ataondoka kazini miaka mingi kabla ya kijana huyo, wala hatapata kamwe kumwona akimpisha njia.

Namba hiyo ndiyo inayonunua kila kitu. Nafasi zinapopatikana shirika hutangaza: rubani mkuu wa Boeing 737 katika kituo cha Chicago, rubani msaidizi wa Boeing 777 katika kituo cha New York, na kadhalika. Kila apendaye hupeleka maombi yake, na mwenye namba ya mbele ndiye apataye, maadamu afaulu mafunzo ya ndege hiyo. Baada ya kupata kituo, ndege na kiti, namba hutumika tena kila mwezi katika kuchagua safari na siku za mapumziko, na tena kila mwaka katika kuchagua likizo. Mshahara nao hauko mbali. Malipo ni kwa saa za kuruka, nayo huongezeka kwa ukubwa wa ndege, kwa kiti, na kwa miaka ya utumishi hadi kufikia kiasi cha mwaka wa 12.

Jambo litakaloonekana geni zaidi kwa askari ni kwamba wako marubani wanaokataa kupandishwa cheo, nao wana akili timamu. Tumchukue rubani msaidizi wa miaka 15, mwenye nyumba na watoto Atlanta, arushaye ndege kubwa ziendazo Ulaya. Miongoni mwa wasaidizi wa ndege hiyo yeye ni wa mbele. Huchagua safari azitakazo, Krismasi hukaa nyumbani, na likizo huipata shule zinapofungwa. Namba yake yamruhusu kuwa rubani mkuu, lakini wa ndege ndogo, na labda si Atlanta bali New York, mji ambao katika mashirika kadhaa wakongwe huukimbia kwa sababu ya ughali wa maisha. Huko atakuwa wa mwisho miongoni mwa marubani wakuu. Hatakuwa na safari zake mwenyewe. Atawekwa katika akiba, maana yake kukaa karibu na simu kama askari wa zamu, akingoja kuitwa usiku wa manane kushika nafasi ya mwenzake aliyeugua. Atapata mstari mmoja zaidi wa dhahabu na fedha nyingi zaidi, lakini watoto atawaona kwa nadra. Wengi hupiga hesabu hiyo na kubaki katika kiti cha kulia kwa miaka. Ndiyo sababu abiria huweza kumwona rubani msaidizi mwenye mvi akikaa kando ya rubani mkuu aliye kijana kuliko yeye. Mvi si dalili ya kushindwa kazi.

Asiyeweza kupata kituo cha kwao na asiyetaka kuhama hufanya jambo la tatu: husafiri bure katika kiti kitupu cha ndege, wakati mwingine kuvuka nchi nzima, ili tu afike mahali kazi yake inapoanzia. Wengi hushirikiana kupanga chumba karibu na kiwanja, watu wanane au kumi, vitanda juu ya vitanda kama bwenini. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009 ndege ya shirika dogo la Colgan Air, iliyotoka Newark, ilianguka karibu na Buffalo na kuua watu wote 49 waliokuwamo, na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Wachunguzi walisema chanzo ni rubani mkuu kuitikia isivyopasa onyo la ndege kupoteza nguvu ya kuelea. Lakini walieleza pia kwamba rubani msaidizi, ambaye kituo chake kilikuwa Newark, aliishi upande wa Seattle, na usiku uliotangulia alisafiri katika ndege za mizigo kupitia Memphis ili awahi kazi. Rubani mkuu naye alikuwa amelala katika chumba cha wafanyakazi kiwanjani. Wachunguzi waliona kuwa uchovu yaelekea uliwapunguzia uwezo, ingawa kiasi chake hakikuweza kupimwa.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini wenye akili wakubali utaratibu usiotazama nani hodari na nani goigoi? Jibu liko katika mwanzo wa kazi yenyewe. Mwezi Julai 1919 marubani waliochukua barua za posta ya Marekani walikataa kuruka kutoka New York katika hali mbaya ya hewa, na wawili wakafukuzwa. Wenzao waligoma. Wakubwa wa posta, walioketi ofisini Washington, walitaka barua zifike kwa wakati. Marubani walitaka kufika wakiwa hai. Miaka iliyofuata ilikuwa ni hivyo hivyo katika mashirika ya binafsi: arukaye katika ukungu alipewa safari nzuri, akataaye aliambiwa kuwa wako wengine wanaoitaka kazi yake. Mwaka 1931 rubani David Behncke na wenzake waliunda chama cha marubani, na mwaka 1939 chama hicho kilitia saini mkataba wake wa kwanza, na shirika la American. Katika mikataba ya namna hiyo tarehe ya kuajiriwa ikawa ngao. Bosi asiyeweza kumpa rubani ndege nzuri, wala kumnyang'anya, hana tena fimbo ya kumlazimisha aruke wakati dhamiri yake yasema asiruke. Uhodari hupimwa kwa njia nyingine: rubani hurudishwa mara kwa mara katika mashine ya kuigizia urukaji, naye hufaulu au hushindwa. Kwa maoni yetu hoja hiyo ni nzito, hasa kwa watu wajuao kiongozi mwenye upendeleo hufanya nini katika kikosi.

Lakini ngao hiyo haibebeki. Namba ni mali ya orodha ya shirika moja tu. Rubani mkuu wa miaka 25 ambaye shirika lake limefilisika, akiajiriwa kwingine, huanza mwisho kabisa, katika kiti cha msaidizi na kwa mshahara wa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo marubani huogopa kubadili mwajiri kuliko wafanyakazi wengi wengine. Kazi zinapopungua hali huwa mbaya zaidi, kwani wa mwisho kuajiriwa ndiye wa kwanza kupumzishwa bila mshahara. Hata ndege ikiondolewa tu, msukosuko huenea. Mwaka 2020, safari zilipokwama kwa ajili ya ugonjwa wa Uviko, Delta iliziondoa Boeing 777 zake zote. Waliozirusha walikuwa watu wa mbele katika orodha, basi walichagua ndege nyingine na kuwasukuma waliokuwamo, nao wakawasukuma wa chini yao, na kila aliyesukumwa ikampasa kwenda kusomea ndege mpya.

Mashirika mawili yanapoungana ndipo vita hasa huzuka, kwa sababu orodha mbili hazina budi kuwa moja. Shirika la TWA liliponunuliwa na American mwaka 2001, zaidi ya nusu ya marubani wake waliwekwa mkiani, nyuma ya wote wa American. Baada ya mashambulizi ya Septemba mwaka ule kazi zilipungua, nao wakapumzishwa kwa wingi. Malalamiko yao yaliwafikia wabunge, na mwaka 2007 ikapitishwa sheria ya kutaka orodha ziunganishwe kwa haki, na kwa msuluhishi pande zinaposhindwa kuelewana.

Kesi iliyo chungu kuliko zote ni ya US Airways na America West, walioungana mwaka 2005. Marubani wa US Airways, kundi la mashariki, walikuwa wakongwe, lakini shirika lao lilikuwa limefilisika mara mbili na wengi walikuwa wamepumzishwa. Wale wa America West, kundi la magharibi, walikuwa vijana katika shirika lililokuwa linakua. Wa mashariki walisema: itazamwe tarehe ya kuajiriwa. Wa magharibi walijibu: tarehe ya kuajiriwa katika nyumba inayoungua si mali. Mwezi Mei 2007 msuluhishi George Nicolau alitoa uamuzi. Marubani 517 wa mashariki aliwaweka juu kabisa, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na ndege kubwa za kwenda ng'ambo; waliobaki kazini aliwachanganya kwa kadiri ya nafasi ya kila mmoja katika orodha yake ya zamani; waliopumzishwa akawaweka mwisho. Rubani wa mashariki mwenye utumishi wa miaka 17 alijikuta nyuma ya mtu wa magharibi aliyeajiriwa muda mfupi tu kabla ya muungano.

Wa mashariki hawakukubali. Kwa kuwa walikuwa wengi zaidi, mwaka 2008 walikipigia kura chama cha zamani kiondoke na kuunda chao, kilichoapa kuutupa uamuzi ule. Wa magharibi walikwenda mahakamani Phoenix na kushinda mwaka 2009, lakini mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikasema wakati wa kuiamua kesi hiyo ulikuwa bado. Kwa miaka hiyo yote shirika lenye jina moja na rangi moja lilirushwa na majeshi mawili. Rubani wa Phoenix hakuweza kuomba kituo cha Charlotte wala Philadelphia, hata nafasi zikiwapo, wala kuzigusa Airbus A330 zilizovuka bahari kutoka mashariki. Na wa Charlotte hakuweza kuomba Phoenix.

Mwaka 2013 US Airways iliungana na American, na orodha zikawa tatu za kuunganishwa. Septemba 2016 jopo la wasuluhishi watatu likatoa orodha moja. Rubani aliyekuwa na miaka 54 wakati mashariki na magharibi walipokutana alikuwa amefikisha miaka 65, umri ambao sheria ya Marekani humwondoa katika ndege za abiria za mashirika hayo, naye hakuwahi kuona namba yake katika orodha hiyo.