Je, Wajua? Mabao 36 kwa Nunge

Arbroath ni mji mdogo wa wavuvi, pwani ya mashariki ya Uskoti. Tarehe 12 Septemba 1885, timu yake iliichapa Bon Accord ya Aberdeen mabao 36-0 katika Kombe la Uskoti. Thelathini na sita! Hadi mapumziko, mabao yalikuwa yameshafika 15.

Winga Jock Petrie alifunga 13 peke yake. Kipa wa Arbroath alikosa kazi kabisa. Yasemekana alijikinga mvua chini ya mwavuli wa shabiki. Magoli hayakuwa na nyavu, basi kila bao mpira ulifuatwa huko ulikokimbilia.

Lakini sikia hili. Siku hiyohiyo, katika mji jirani, Dundee Harp waliitandika Aberdeen Rovers 35-0. Wakaikosa rekodi kwa bao moja tu.