Mbayuwayu: Mgeni anayebadili manyoya Ruiru na Thika

KUANZIA mwezi wa Septemba hadi Aprili, nyaya za umeme kati ya Ruiru na Thika hupambwa na ndege wadogo wenye mgongo wa buluu iliyokolea, koo jekundu na mkia wa panda. Hao ni mbayuwayu waliotoka Ulaya na Asia.

Wengi huwadhania kuwa wenyeji. Hata hivyo, hakuna aonaye viota vyao hapa. Viota vya tope vilivyo chini ya madaraja yetu ni vya jamii nyingine za mbayuwayu ziishizo Kenya mwaka mzima. Mgeni huyu hutaga mayai manne au matano kaskazini, ndani ya mazizi na maghala.

Zamani, baadhi ya watu wa Ulaya waliamini kwamba wakati wa baridi ndege hao hulala chini ya maziwa. Mnamo 1911, mmoja alivishwa pete mguuni nchini Uingereza. Desemba 1912 akapatikana Afrika Kusini, umbali wa kilomita zipatazo 10,000.

Je, huja kufanya nini? Kwanza, hukimbia baridi ambayo huwamaliza wadudu, chakula chake kikuu. Pili, huja kubadili manyoya. Yale ya mbawa hung'oka na kuota upya kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Yangeng'oka yote kwa pamoja, ndege huyu mwenye uzani wa gramu 20 hivi angekufa njaa, kwa kuwa huwinda nzi, mbu na kumbikumbi akiwa angani.

Kwa hiyo huhitaji wadudu tele kila siku, na matete ya kulala usiku pamoja na wenzake.

Hapo ndipo penye hatari. Mashamba ya kahawa ya Ruiru yamekuwa yakigeuzwa mitaa ya makazi, hasa tangu upanuzi wa barabara kuu ya Thika ukamilike mwaka wa 2012. Vinamasi hukaushwa, na dawa za kunyunyizia huangamiza wadudu.

Mbayuwayu aliyekosa lishe hapa huondoka na mbawa dhaifu, ilhali Jangwa la Sahara lingali mbele yake.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu hutupunguzia mbu na nzi bila malipo. Mkulima akiyaacha matete kando ya bwawa lake, atakuwa amemlipa.