Mwavuli wa Rebmann

Aprili 1848, mmisionari Mjerumani wa miaka 28, Johannes Rebmann, alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akielekea Uchagani na mwavuli mkononi. Bunduki hakuwa nayo. Misafara ya wafanyabiashara wa Mombasa haikuthubutu kupita nyika ile bila watu wengi wenye silaha, kwa kuhofia Wamasai. Yeye alimtegemea Mungu na kiongozi wake, Bwana Kheri, aliyezijua njia za bara. Tarehe 11 Mei akauona mlima Kilimanjaro na weupe wa theluji kileleni. Alipoandika habari hiyo, mtaalamu wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta.

Kanisani tunapenda kuusimulia mwavuli huo, kisha tunaishia hapo. Kwangu mimi sehemu hiyo ndiyo nyepesi. Kijana mwenye afya na miguu imara anaweza kudhani anamtumaini Mungu, kumbe anajitumaini mwenyewe. Mwaka uliofuata Rebmann alirudi Uchagani, na mtawala wa Machame, Mangi Mamkinga, akamnyang'anya mali aliyoiandaa kwa safari ya mbele zaidi. Akarejea pwani mgonjwa, mikono mitupu. Mungu yule yule, mwavuli ule ule.

Nimestaafu uhasibu hapa Mombasa, na kila ninapofika Rabai, zilipo bado nyumba za Rebmann na mwenzake Ludwig Krapf, mazoea ya kazi hunifanya nipige hesabu. Krapf alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga Mombasa mwaka 1844. Miaka michache baadaye afya yake ikamlazimisha kurudi kwao. Rebmann akabaki. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Macho yakaanza kufifia hadi yakazima kabisa. Walioamini wakawa wachache mno. Miaka 29 ya namna hiyo ukiiandika kwenye daftari, safu ya mapato itabaki karibu tupu.

Na mtu huyu hakukaa amekunja mikono. Alijifunza lugha za watu aliokaa nao. Akapata kumjua Salimini, mtu aliyeletwa pwani utumwani kutoka upande wa Ziwa Nyasa, wakakaa pamoja neno kwa neno mpaka ikatoka kamusi ya lugha ya Salimini. Ilichapwa mwaka 1877, Rebmann akiwa tayari amefariki. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoisoma Mithali 3:5 kana kwamba akili ni adui wa imani. Aya ile inatukataza kuiegemea akili, haisemi tuitupe. Mimi nina presha ya macho. Kliniki sikosi, na matone natia kila usiku. Ila tumaini langu siliweki kwenye kichupa, kwa sababu daktari amekwisha kuniambia waziwazi kwamba dawa huzuia tu, hairudishi kilichopotea. Nikiomba, siombi macho peke yake. Naomba nibaki mahali nilipowekwa, hata nikiwa sioni ninachokifanya.

Mwaka 1875 Rebmann aliondoka pwani akiongozwa na Isaac Nyondo, mwana wa mmoja wa wale wachache walioamini. Kijana huyo alimfikisha hadi Ulaya. Rebmann alifia Korntal, Ujerumani, mwaka 1876.

Katika miaka iliyofuata, watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia Rabai, kwa kuwa palikuwa na Wakristo wa kuwapokea. Wenye mashamba wakaja juu, wakidai watu wao. Mwishowe George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani, akakubaliana nao walipwe fidia. Siku ya mwaka mpya, 1 Januari 1889, pale pale Rabai, mamia ya watu wakakabidhiwa hati zao za uhuru.